Spaisi tua ya maneno kule Kizimbani: nimelipa nionyeshwe tangawizi, na sijuti, ila nna ya kusema

Najua mshaanza kucheka. Mtu wa Wete, Pemba, kakulia kwenye majamvi ya karafuu, kachambua makonyo usiku mpaka vidole vikabadilika rangi, leo anatoa pesa zake mfukoni akaonyeshwe mkarafuu kama mtalii. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Lakini nisikilizeni kwanza, mana hii si ile spaisi tua mnayoijua, matembezi ya kuonyeshwa viungo shambani, ya kuvikwa kofia ya makuti na kupigwa picha ukatoka ulivyoingia, ingawa kofia pia zipo na tai ya makuti ipo na yule anaepanda mnazi huku anaimba nae yupo, hilo hamkwepi.

Iko Kizimbani, Unguja, unapanda daladala mpaka Bububu halafu bodaboda anakupandisha kupitia Kidichi. Jina la shamba silitaji kwa sababu nna mawili matatu ya kuwasema na visiwa vyenyewe vidogo, kesho tunakutana msikitini. Kijana anaetembeza wageni wenzake wanamwita Ticha, na kilichomfanya avume ni mtindo wake. Kila mmea hakwambii tu unatibu nini, ile orodha ya tumbo, kikohozi na kila cha tatu nguvu za kiume. Yeye anachukua jina la Kiingereza la kile kitu analirudisha nyuma lugha kwa lugha, Waingereza wamelitoa kwa nani, na huyo kalitoa kwa nani, mpaka pale lilipoanzia. Mie nasomesha Kiingereza skuli ya sekondari, mambo haya ni ugonjwa wangu, nikasema lazma nkamsikilize mwenyewe.

Sababu nikaipata alipokuja likizo mtoto wa shangazi yangu, kakulia Uingereza, kaja na mumewe ambae ni Mwingereza wa kule kule. Kwenye kundi wakatuchanganya na bwana mmoja na mkewe kutoka Kerala, India, na hawa wawili wala hawakujua kama wao ndo watakaoinogesha ile siku.

Mwanzo ulikuwa wa kawaida tu. Mzingefuri, watu wamepakwa mdomo, wamecheka. Mlangilangi, akasema jina Waingereza wamelichukua Ufilipino na sisi tunalo lile lile, tukapita. Mie moyoni nasema haya, bado sijaona cha ajabu.

Tukafika kwenye tuta la tangawizi. Ticha kachutama, kaishika shina kwa chini, kaing'oa nzima na majani yake, kaikung'uta udongo, kaipangusa kwenye suruali halafu kaivunja kati, ile harufu ikatujia sote. Akauliza hii kwenu mnaiitaje. Shemeji kajibu 'ginger'. "Haya, jina hilo nani kakupeni?" Shemeji kimya. Ndo safari ya kurudi nyuma ikaanza hapo.

Kiingereza kile cha kale, kabla Wanormandi hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa kinasema 'gingifer', wamelitoa kwenye Kilatini cha zama zile, 'gingiber'. Baadae wakaja hao wenye kusema Kifaransa na neno lao wenyewe 'gingibre', mawili yakakutana yakawa moja, mkia ukaliwa, ikabaki 'ginger'. Kilatini cha zamani zaidi kilikuwa 'zingiberi', na hiyo Warumi wameitoa kwa Wagiriki waliokuwa wakisema 'zingiberis', na Wagiriki wameipata kutoka India, kwenye lugha za watu wa kawaida wa kule, mojawapo ni Kipali ambayo vitabu vyake vina 'singivera'. Tazameni hapo jamani, S imekuwa Z, Z imekuwa G, B imekuwa F, kila mlango neno linapopita linaacha kitu na kuchukua kingine, lakini ukiyapanga mstari mmoja unayaona yanashikana mikono.

Akafika kwenye Kisanskriti, lugha kongwe ya wasomi wa India, 'shringavera'. Akakiinua kile kipande juu. Akasema 'shringa' ni pembe, 'vera' ni mwili, mwili wenye pembe, hebu tazameni umbo lake. Na kweli, ile tangawizi ina vipembe. Wageni wote "aaah", simu juu, binamu yangu kashaandika. Wengi wanaoelezea neno hili wanaishia hapo hapo na kila mtu anakwenda kwao kafurahi. Ticha kawaacha wafurahi kidogo, kisha akasema, "Si kweli hiyo."

Akamgeukia yule mama wa Kerala kwa adabu zote, bi mkubwa, nyie nyumbani kwenu hii mnaiitaje? Mama akasema "inji". Akamuuliza, na mzizi? Mama akasema "ver". Halafu yule mama mwenyewe akanyamaza, akamtazama mumewe, akarudia polepole, inji, ver, inji ver, akaanza kucheka mkono mdomoni. Ticha hakusema kitu tena, hakuwa na haja. Neno ni la watu wa kusini mwa India, Watamil na Wamalayali na jamaa zao, mzizi wa inji basi, na wale mabwana wa Kisanskriti walivyolisikia hawakulielewa wakaliundia maana kwa lugha yao wenyewe, wakatia pembe pasipokuwa na pembe.

Mie hapo nikaona pesa yangu imerudi yote. Hata kama angetufukuza baada ya pale nisingedai kitu.

Kisha akanigeukia mie kwa Kiswahili, "Sheikh, si ndo ile ya Suratul Insaan?" Kweli kabisa, aya ya 17, watu wa peponi watanyweshwa kikombe kilichochanganywa na zanjabil. Neno lile lile la yule mama, ila hili halikupita kwa Wagiriki, limepita kwa Waajemi na kwa watu wa Shamu ndo likafika kwa Waarabu. Tunalisoma tangu chuoni, Waingereza wanalisoma kwenye kopo la soda, asili moja. Binamu yangu ilibidi nimtafsirie na alisimama pale pale kwa muda.

Shemeji nae hakutaka kubaki nyuma, akasema kwao kuna keki inaitwa 'gingerbread', mkate wa tangawizi. Mie nikajua hapa kijana atakwama. Wapi! Akasema mwanzo wake hamna mkate wowote, Kifaransa cha kale kilikuwa na 'gingembrat', tangawizi ya kuhifadhi, Waingereza masikio yao yakasikia 'bread' pale mwishoni, wakaliandika hivyo, na baadae kitu chenyewe kikafuata jina kikawa keki. Yani neno moja limetiwa uongo mara mbili, Wahindi wamelitia pembe na Waingereza wamelitia mkate. Shemeji anasema keshakula vitu vile Krismasi zote za maisha yake na hakuna aliyewahi kumwambia.

Usiku nikayatazama kwenye Etymonline, ile kamusi ya mtandaoni ya Mmarekani Douglas Harper, bure, haina masharti, walimu wenzangu kama hamuitumii mnakosa. Yote aliyosema kuhusu tangawizi yako sawa. Na nyongeza nikaipata huko, kwamba 'gingerly', kufanya jambo kwa uangalifu, haina uhusiano wowote na tangawizi, inadhaniwa imetoka kwenye neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya kitu laini, cha kiungwana. Wanafunzi wangu wote wanaiunganisha na tangawizi na siwalaumu. Neno hili limewashughulisha watu, mwaka 1952 profesa mmoja wa Uingereza, Alan Ross, alitoa kitabu kizima juu ya hilo moja tu.

Karafuu sasa. Hapa Ticha alikuwa mzuri kwenye neno na mvivu kwenye historia. Kwenye neno alichukua karafuu kavu akaisimamisha kwenye kiganja, akasema tazameni, kichwa na mguu wake, nini hiki? Msumari. Ndo hivyo, 'clove' ya Kiingereza imetoka kwenye 'clou' ya Kifaransa, nayo imetoka 'clavus' ya Kilatini, msumari. Wafaransa jina kamili wanasema 'clou de girofle', msumari wa girofle. Waingereza wamechukua msumari wakaitupa 'girofle', na hiyo waliyoitupa ndo mali yenyewe, mana inarudi mpaka kwa Wagiriki, 'karyophyllon', ambayo ni jamaa na qaranful ya Kiarabu, na qaranful ndo karafuu yetu hii. Hawakuitupa yote lakini, imebaki kwenye 'gillyflower', jina la maua fulani yenye harufu ya karafuu, ila limepinda kiasi cha kwamba ukimwambia Mwingereza mwenyewe anabisha. Shemeji kabisha.

Historia je? Kasema mbegu imetoka visiwa vya Maluku, sawa, kasema imeletwa huku karne ya 19, sawa, Seyyid Said kahimiza watu wapande, sawa. Kisha akanyamaza! Hakusema neno juu ya kimbunga cha mwaka 1872 kilichoangusha mikarafuu ya Unguja karibu yote, Pemba ikasalimika, ndo mana mpaka leo karafuu nyingi inayokwenda kuuzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, inatoka kwetu. Unamtembeza mtu kwenye karafuu saa nzima na Pemba huitaji? Nikaisema mie, kwa sauti, kwa lugha zote mbili. Mke wangu aliniminya.

Pilipili manga alipita haraka lakini kaacha kitu kizuri. Hili neno 'pepper' la Kiingereza, makabila ya Kijerumani walilichukua kwa Warumi zamani sana, kabla hata mababu wa Waingereza hawajavuka kwenda Uingereza, ndo mana Wajerumani na Waholanzi wote wanalo, 'Pfeffer', 'peper'. Kilatini 'piper', Kigiriki 'peperi', Kisanskriti 'pippali'. Na mwaka 408 Alaric, mfalme wa Wagothi, alipoizingira Roma, katika vitu alivyodai ili aondoke ni ratili 3,000 za pilipili manga. Waarabu hawana P wakasema filfil, sisi yetu imebaki na P kama ya Waajemi.

Haya, sasa lawama, na ya kwanza ni ya kitaaluma.

Ticha kila neno kwake limepanda jahazi. Kila kitu kimeazimwa, kimenunuliwa, kimebadilishwa bandarini. Kwa viungo ni kweli kwa sababu viungo vyenyewe vimekwenda Ulaya kwa biashara. Lakini maneno yako ya aina mbili, kuna la kuazima na kuna la kurithi, na mtu anaefuatilia asili ya neno swali la kwanza anatakiwa ajiulize hilo, sawa na kuulizia shamba, umepewa na babako au umepangishwa? Nikamuuliza, ile 'shringa' ya Kisanskriti, pembe, na 'horn' ya Kiingereza, pembe, hazina udugu? Akacheka akasema sheikh hazifanani hata herufi. Sasa ndo utamu wenyewe, ni ndugu wa damu! Pembe kwa Kilatini ni 'cornu', kwa Kiingereza 'horn', na K ya Kilatini kuwa H kwa Kiingereza si bahati, inajirudia, 'centum' na 'hundred', 'cor' na 'heart', 'canis' na 'hound'. Jacob Grimm, huyu huyu wa ngano za watoto na nduguye, aliieleza kanuni hii mwaka 1822, na kabla yake Mdenishi Rasmus Rask alishaiona. Na 'shringa' inaingia kwenye ukoo huo huo, mzizi mmoja wa ile lugha mama ya Kisanskriti, Kilatini na Kiingereza, ambayo hakuna aliyeiandika, wataalamu wameijenga upya kwa kulinganisha watoto wake. Yani pembe ya uongo waliyoitia Wahindi kwenye tangawizi ni ndugu halisi wa pembe wanayoisema Waingereza kila siku, wakati 'ginger' wenyewe kwa Waingereza ni mgeni. Angelijua hilo pale kwenye tuta, na kipande mkononi, watu wangemwagika machozi. Nimemwambia, kaandika kwenye simu, tutaona.

Ya pili ndo iliyoniudhi. Mwisho wa matembezi, kabla ya chakula, anawakusanya watu chini ya mfenesi anawaambia, na sasa siri, jina la Zanzibar limetoka wapi? Zanjabil! Kisiwa cha tangawizi! Makofi. Mie nimesimama pale mdomo wazi. Kijana huyu huyu, saa mbili nyuma kawavua wageni pembe, kawavua mkate, sasa anawavisha kisiwa kizima.

Jamani, Zanzibar ni Zanj na bar. Zanj ni jina ambalo Waarabu na Waajemi waliwaita watu wa pwani yetu hii, bar ni pwani au nchi kwa Kiajemi, na wala zamani halikuwa jina la kisiwa hiki peke yake, lilikuwa la pwani ndefu. Marco Polo analo, 'Zanghibar', na hakufika huku, kalisikia tu. Tangawizi haijawahi kuwa kitu cha kutuletea jina, kisiwa chenyewe wenyewe tunakiita Unguja, na al-Jahiz, mwandishi wa Kiarabu, karne ya 9 kashakitaja kwa jina linalokaribiana na hilo, pamoja na Qanbalu ambayo watafiti wengi wanasema ni Pemba. Ziko na hadithi nyengine, ile ya "Zayn al-barr", nchi iliyo njema, nayo ni tamu na nayo ni ya kutungwa. Watu wanapenda kusikia jina likitafsirika, ndo lile lile walilofanya wale wa Kisanskriti.

Nikamvuta pembeni, kwa adabu, sikumsema mbele za watu. Nikamwambia Ticha, hii unajua si kweli. Akasema, "Najua sheikh. Lakini hii ndo wanayotolea tipu."

Basi. Nikose la kujibu.

Ya tatu ndogo. Anatwambia tangawizi ya Kiswahili pia ni zanjabil hiyo hiyo. Haya, vituo viko wapi? Kwa 'ginger' katupitisha mlango kwa mlango, kwa lugha yetu anarusha tu kwa sababu kuna Z na N na G mle ndani. Bila njia mie sinunui. Na mdalasini alikuwa na nafasi nzuri akaipoteza, mana 'cinnamon' kaieleza vizuri, Kigiriki wamelitoa kwa Wafoinike, lakini hakusema kama yetu ni Kiajemi, dar chini, mti wa China, na hapo hapo nyuma yake kuna hamamu za Kidichi ambazo Seyyid Said kazijenga mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Kilomita chache tu! Wageni kwenye gari wamezipita. Viungo hivi majina yake ya Kiswahili kwake ni vibandiko tu vya kuwafundisha wageni kutamka, na sie wenyeji tunaolipa tungependa kusikia na yetu.

Mengineyo kwa haraka. Wenyeji 20,000 kwa kichwa pamoja na chakula, wageni wanalipa kwa dola na ni zaidi sana, kawaida ya huku. Pilau nzuri, mchuzi wa samaki mwepesi, kachumbari ndimu imezidi. Choo kisafi ila maji ya ndoo. Masika msiende na viatu vya maana, lile tope jekundu halitoki. Watoto chini ya miaka kumi watachoka, mana Ticha akishika neno haliachi, mke wangu mwenyewe kwenye 'nutmeg', kungumanga, alikuwa keshakaa kwenye kigogo anapekua simu. Kiswahili mkitaka ombeni mapema, vyenginevyo anatembeza kwa Kiingereza na nyie mnapewa vipande.

Nawapa nyota nne kwa tano, na hiyo moja nimeishika mkononi mpaka siku atakayoacha ile ya chini ya mfenesi. Ukienda na wageni wako peke yenu mwambie mapema, Ticha, ya zanjabil tunaijua, tuachie, atacheka na ataacha.

Kwenye kibanda cha mwisho wanauza pakti za viungo. Vanila na mdalasini chukueni, ni vya pale pale. Ile wanayoiita zafarani msiitoe pesa, bei ile na rangi ile haiwezi kuwa zafarani, na karafuu wanauza mara mbili ya bei ya soko la Darajani mjini.